Rombo Machoni mwa Miwani

Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa njiani kutoka Rabai kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, alipoona weupe juu ya kilele cha mlima. Kiongozi wake alimwambia tu kwamba kule juu kuna baridi. Rebmann akaandika kwamba ameona theluji, habari ikachapishwa Uingereza mwaka uliofuata, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, akambishia kwa miaka. Ubishi ukiendelea huko, Wachaga na Wamaasai walioishi chini ya Kilimanjaro waliamka kila asubuhi wakiitazama theluji ileile. Huko London hakuna aliyewauliza.

Rombo ninayoiandikia ni ile ya Kenya, kata iliyoko Kajiado Kusini, siyo wilaya ya jina hilo iliyo ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Ukitoka Loitokitok ukapita Illasit kuelekea Njukini na Taveta, unaikuta hapo kwenye miteremko ya chini ya mlima: mifereji ya maji, mashamba ya vitunguu na nyanya, maboma ya wafugaji upande wa tambarare, na Mbuga ya Tsavo Magharibi ikipakana nayo. Mlima unaonekana kwa upande ambao watalii wengi hawaujui, Mawenzi yenye mita 5,149 ikiwa mbele na Kibo yenye mita 5,895 nyuma yake. Nchi hii imetazamwa na watu wa mbali kwa karibu karne mbili, kwa vioo vya kila aina, na kioo cha karibuni ni miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika uso ikamtia mvaaji ndani ya picha.

Kila baada ya wiki chache makampuni yanayotengeneza miwani hii hutangaza vipengele vipya vya programu. Chombo ni kilekile ulichonunua, lakini ukilala na kuamka kimejifunza jambo ambalo jana hakikuliweza. Kwa msomaji wa Kajiado habari hizo huonekana kama za watu wengine. Mimi naziona kuwa zetu, na sababu yangu inatoka katika historia. Tangu mashine ya kwanza ya picha ifike pwani yetu, kioo chenyewe hakijawahi kuamua kitamfaa nani. Kilichoamua ni kile kilichowekwa juu ya kioo: lugha, ruhusa, njia ya kukifikia, na nani anakaa upande gani wa lenzi. Zama zile mambo hayo yaliamuliwa na magavana, wamishonari na wachapishaji. Leo yanaamuliwa ndani ya programu.

Tuanze na mwaka 1838. Mwingereza Charles Wheatstone alieleza mbele ya wanasayansi wenzake kwamba jicho la kulia na la kushoto huona picha mbili zinazotofautiana kidogo, na kwamba ubongo ukiziunganisha ndipo kina na umbali huonekana. Akatengeneza kifaa cha vioo kinachopeleka mchoro mmoja kwa kila jicho, na michoro bapa ikasimama kama vitu halisi. Mwaka 1849 David Brewster alikipunguza kikawa kisanduku chenye lenzi mbili, kisanduku hicho kikaoneshwa kwenye Maonesho Makuu ya London mwaka 1851, na baada ya hapo kila sebule ya mtu mwenye uwezo Ulaya ilikitaka. Kanuni ya Wheatstone haijabadilika. Miwani ya leo inayouzwa kwa mamia ya dola inafanya kazi hiyohiyo: picha mbili, macho mawili.

Kilihitajika kitu cha kutazama, na hapo ndipo sisi tunaingia. Mwaka 1860 James Augustus Grant alifika Zanzibar pamoja na John Hanning Speke, wakijiandaa kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Grant alikuwa na kamera ya picha pacha, na miongoni mwa alivyovipiga ni soko la watumwa. Natamani msomaji asimame hapa kidogo. Baadhi ya picha za mwanzo kabisa za pwani yetu zilipigwa ili zitazamwe kwa kina na uhai, kwa teknolojia iliyo babu wa miwani hii, na waliokuwa mbele ya lenzi walikuwa watu wanaouzwa. Hawakuulizwa kama wanataka kuonekana, na huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kuziona picha hizo.

Nusu karne baadaye biashara ya picha pacha ilikuwa imekomaa Marekani. Aprili 1909 rais mstaafu Theodore Roosevelt alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Kapiti, tambarare iliyo si mbali na Kitengela ya leo, na hapo akaanza safari yake ya kuwinda. Picha pacha za safari hiyo ziliuzwa kwa maelfu ya familia za Marekani, na mpiga filamu Cherry Kearton alimpiga akiwa humuhumu nchini, filamu ikatoka mwaka 1910. Waliotazama waliiona nchi pana ya wanyama isiyo na mwenyewe. Wakati huohuo wenyewe walikuwa wakihamishwa. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, na kwa ule wa 1911 wakaondolewa Laikipia wakasukumwa kusini, katika eneo ambalo leo ni Narok na Kajiado. Lenzi ilimwonesha simba. Foleni ya ng'ombe na watoto wakiteremka kusini haikuwa na soko. Picha zile hazikudanganya kwa kilichokuwamo, zilidanganya kwa kilichoachwa nje, na hilo ndilo jambo la kulikagua katika kila picha ya nyuzi 360 inayotuhusu leo. Hata picha inayokuzunguka pande zote ina mtu aliyechagua mahali pa kuiweka kamera.

Serikali ya kikoloni ilipotaka kutuonesha kitu na sisi, ilifanya kwa lori. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za mafunzo ulioongozwa na Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham ulikuwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Walitengeneza filamu fupi 35 kuhusu kilimo, afya na akiba, kisha wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, lori likiwa na jenereta na projekta. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri pembeni, kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa, kwa kuwa kubadilisha santuri kulikuwa rahisi kuliko kubadilisha filamu. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa bwana kumfundisha mtwana, na siutetei. Lakini mafundi wale waligundua jambo la maana: picha ni moja, sauti inaweza kuwa nyingi, na mtu wa kijijini haipokei picha mpaka imsemeshe kwa lugha yake.

Sisi wenyewe tulilichukua jambo hilo tukalipeleka mbali zaidi. Video zilipoenea miaka ya themanini na tisini, vibanda vya kuoneshea filamu vikajaa mijini na sokoni kote Afrika Mashariki. Filamu zilikuwa za Hong Kong, Bombay na Hollywood. Kisha wakatokea watu wenye kipaza sauti. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Uganda ina VJ Jingo, na Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana kuanzia Githurai mpaka vituo vidogo vya Kajiado. Hawatafsiri neno kwa neno. Wanampa shujaa jina la mtaani, wanamwonya kabla hajapigwa, wanamkaripia adui, wanaeleza hila ya mchezo kwa mtu aliyeingia amechelewa. Hakuna kampuni ya filamu iliyowaomba. Kile kibanda chenye mabenchi na mapazia meusi kilikiongezea chombo cha kigeni kipengele ambacho mtengenezaji hakukifikiria, na bila kipengele hicho filamu nyingi zisingeeleweka na vibanda vingi vingefungwa. Historia yote ya teknolojia ya kutazama katika ukanda huu, kwa maoni yangu, imo katika kile kipaza sauti.

Huko Marekani, wakati huo, njia nyingine ilikuwa imeanza. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alijenga kifaa cha kuvaa kichwani kilichoonesha picha za kompyuta, kizito kiasi kwamba kilining'inizwa kutoka darini; mvaaji aliona mistari tu, lakini mistari ile iligeuka kulingana na kichwa chake. Miaka ya themanini Jaron Lanier na kampuni yake ya VPL waliuza miwani na glavu za kwanza kwa bei ya maabara. Kisha kimya kirefu, hadi 2012, kijana aitwaye Palmer Luckey alipochangisha fedha mtandaoni kwa ajili ya miwani ya Oculus. Machi 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 2.

Mwaka huohuo wa 2014 Google ilifanya jambo lililotugusa zaidi. Ilitoa mchoro wa boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, ambalo mtu angeweza kulikata mwenyewe na kuitia simu yake ndani. Hiki kilikuwa kisanduku cha Brewster kilichorudi, safari hii ikitumia simu ambayo tayari ilikuwa mifukoni mwa Wakenya, kwani nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009 na bei za simu za kugusa zilikuwa zikishuka. Mwaka uliofuata Google ikaanzisha programu ya kuwapeleka wanafunzi matembezi ya pepe, mwalimu akiongoza darasa zima kwa kompyuta ndogo. Kwa shule zisizo na basi wala ada ya safari, huu ulikuwa msaada wa kweli. Juni 2021 programu hiyo ilizimwa. Maboksi hayakuharibika, lenzi hazikupasuka, simu hazikufa. Kilichoondolewa ni programu, na chombo kikabaki karatasi.

Kisa hicho kirudiwe kila mara shule au kaunti inapofikiria kununua vifaa. Miwani ya Oculus Quest ilitoka Mei 2019 kwa dola 399, ikasifiwa kote kwa kuwa haikuhitaji kompyuta wala waya. Kufikia 2024 ilikuwa imefikishwa mwisho wa masasisho yake. Miaka mitano. Jembe la kukokotwa na punda linadumu kuliko hapo.

Tukiwa bado upande wa watazamwaji, Google ilichapisha Machi 2013 picha za nyuzi 360 za njia ya kupanda Kilimanjaro hadi Uhuru, mwaka 2014 zikafuata za Gombe huko Kigoma, na mwaka 2015 za tembo wa Samburu. Januari 2020 magofu ya Kilwa Kisiwani yaliwekwa mtandaoni yakiwa yamepimwa kwa leza, katika mradi wa mashirika ya CyArk na ICOMOS kuhusu maeneo yanayotishwa na mabadiliko ya tabianchi. Filamu za miwani nazo zikaja: mwaka 2017 Kathryn Bigelow na Imraan Ismail walionesha askari wa wanyamapori wa Garamba, kaskazini-mashariki mwa Congo, na mwaka 2018 shirika la Conservation International likatoa filamu ya kituo cha tembo yatima cha Reteti, Samburu, ikisimuliwa na Lupita Nyong'o. Kazi nzuri zote, zimefanywa kwa heshima. Hata hivyo mtiririko wake naufananisha na bomba la Nolturesh, lile linalochota maji ya chemchemi chini ya mlima karibu na Loitokitok na kuyapeleka Kajiado, Kitengela na Machakos: chanzo ni hapa, bomba linapita hapa, na mtu wa pembeni ya bomba anayasikia yakipita.

Kulikuwa na waliougeuza mkondo. Nairobi, kampuni ya BlackRhino VR ilianza mwaka 2015 ikitengeneza kazi za uhalisia pepe nyumbani. Shirika la Electric South la Afrika Kusini liliwapa wasanii wa bara hili kamera na mafunzo, na katika kazi zilizozaliwa humo mbili ni za Nairobi: ya Ng'endo Mukii, iliyoitengeneza upya Nairobi kama ndoto ya jiji, na ile ya The Nest Collective iitwayo Let This Be a Warning. Hii ya pili ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote zilizotoka ukanda huu. Ndani yake Waafrika wamehama dunia wakajijengea makazi kwenye sayari ya mbali. Wewe uliyevaa miwani umetua hapo bila kualikwa. Wanakutazama. Hawafurahii kukuona, na huna pa kugeuka, kwa kuwa kila upande kuna macho. Miaka zaidi ya 150 baada ya kamera ya Grant, mtazamaji amewekwa mahali pa mtazamwaji, na teknolojia iliyotumika ni ileile ya picha pacha.

Vilevile Chao Tayiana Maina na wenzake wa Museum of British Colonialism, kuanzia 2018, walijenga upya kwa kompyuta kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau, zikiwamo Aguthi na Mweru. Kambi hizo zilibomolewa au kugeuzwa shule. Kwa kuzunguka na wazee waliofungwa humo na kupima kilichobaki, waliiinua tena mitaro na minara ambayo serikali iliyoijenga ilipenda isahaulike.

Sasa tuje kwenye vipengele vyenyewe.

Quest ya 2019 ilikuwa na kamera nne pembeni, kazi yake ikiwa kutazama kuta na samani ili chombo kijue mvaaji amesogea hatua ngapi. Boksi la karatasi lilijua tu kichwa kinavyogeuka. Hii ilijua pia kwamba umechutama au umepiga hatua mbele. Desemba 2019, kwa sasisho la programu peke yake, kamera zilezile zikaanza kutambua vidole vya mvaaji. Hakuna kilichoongezwa kiwandani. Programu ilifunzwa kwa picha nyingi za mikono mpaka ikajua kidole gumba kimegusa cha shahada, na tangu hapo mtu aliweza kutumia miwani bila rimoti. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika rimoti ya mchezo, na hao ndio wengi Rombo, hiki ni kipengele kikubwa kuliko skrini yoyote kali. Mikono kila mtu anayo. Ila programu inayofunzwa kwa picha hujua inachooneshwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kompyuta iliyodai kutambua jinsia kwa sura, wakakuta makosa yanafika asilimia 34.7 kwa wanawake weusi na ni chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Yeyote anayetangaza kwamba miwani inajua mikono aulizwe ilifunzwa kwa mikono ya nani, na kama ilijumuisha mikono yenye matope ya mfereji.

Chukua miwani hii umpelekee mama anayepalilia vitunguu. Saa sita mchana hawezi kuivaa shambani, na ole wako ukiiacha imelala huku lenzi zikitazama juu, kwani jua likiingia kwenye lenzi hukusanywa na kuiunguza skrini ndani, na doa hilo halitoki. Mtaingia nyumbani. Mwanga ukiwa taa moja ndogo ya sola, kamera zinakosa alama za kushika na ujumbe unatokea kwamba chumba ni cheusi mno. Mkifungua dirisha, sawa. Miwani itataka intaneti. Itataka akaunti, kati ya Oktoba 2020 na Agosti 2022 ilitaka akaunti ya Facebook hasa, na ukifungiwa akaunti ulifungiwa na miwani. Itataka simu ya kuiunganisha. Itataka kupakua masasisho yanayokula bando la wiki kabla hajaona kitu chochote. Kisha itamwomba achore mpaka sakafuni asije akajigonga, na maelekezo yote haya yatakuja kwa Kiingereza, Kihispania, Kijapani, orodha ndefu, ambayo hadi masasisho ya 2024 haikuwa na Kiswahili.

Hapo ndipo ninapokasirika. Julai 2022 kampuni hiyohiyo, Facebook ya zamani iliyojiita Meta, ilitangaza mfumo wa kutafsiri lugha 200, Kiswahili kikiwamo, ikajivunia kwamba hakuna lugha itakayoachwa nyuma. Uwezo upo. Umekaa katika chumba kingine cha nyumba ileile. Watu zaidi ya milioni 100 wanaelewana kwa Kiswahili, na santuri ya Vugiri mwaka 1935 ilijua kuwasemesha.

Kipengele kingine kinachostahili kusemwa ni cha kurusha picha. Miwani kwa asili yake ni ya mtu mmoja, na watu wa hapa hawajazoea kutazama peke yao. Lori la sinema lilikusanya kijiji, kibanda cha video kilijaza mabenchi. Programu ya Quest iliruhusu tangu 2019 kile anachokiona mvaaji kirushwe kwenye simu au televisheni. Kwa kipengele hicho mmoja huvaa na ishirini wakatazama, wakamwelekeza, wakabishana naye. DJ Afro angepata kazi. Kama ningeulizwa kuchagua kati ya kipengele hiki na skrini yenye rangi maradufu, nisingefikiria mara mbili.

Kuna na vile vinavyoonesha nani alifikiriwa wakati wa kuandika programu. Mwaka 2024 Meta ilitoa kipengele cha kutumia miwani ndani ya ndege. Tatizo lililotatuliwa ni la kweli: kifaa cha kupima mwendo kilicho ndani ya miwani huhisi ndege inapinda, wakati kamera zinaona viti vimetulia, na programu isipoambiwa imwamini nani, picha huteleza ikaenda zake. Kilianzia ndege, ikafuata treni. Abiria wa matatu kutoka Illasit kwenda Kitengela, anayerushwa na matuta na kupinda kila dakika, yumo katika hesabu ileile ya fizikia, ila hakuwa katika hesabu ya wateja.

Bei nayo ni sehemu ya habari. Quest 2 ya Oktoba 2020 ilianzia dola 299, zaidi ya shilingi 30,000 za Kenya wakati huo kabla ya ushuru na usafiri, na Kenya haikuwa katika nchi ambako kampuni ilikuwa ikiiuza rasmi. Zilizoingia zilikuja na ndugu walioko ng'ambo au kwa wafanyabiashara wa Nairobi, na kitu kilichoingia kwa mlango wa nyuma hakina dhamana kikiharibika.

Halafu kuna macho. Miwani ya karibuni, kama Quest Pro ya 2022 na Vision Pro ya Apple iliyotoka Februari 2024, ina kamera zinazotazama ndani na kufuata mboni ya mvaaji. Zile za nje zinapima chumba, zikajua kitanda kiko wapi na mlango uko wapi. Kenya ilionja jambo hili Agosti 2023, serikali iliposimamisha mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin baada ya maelfu ya watu kupanga foleni wakapimwe mboni kwa malipo yaliyokaribia shilingi 7,000. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila Mkenya haki ya kujua data yake inatumiwaje, na haki hiyo haipungui kwa sababu kifaa kinafurahisha. Viongozi wa Wamaasai walishawahi kuweka alama zao kwenye mikataba iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kitufe cha kukubali masharti kwa Kiingereza, mwaka 2024, hakiko mbali na hapo.

Kinachonipa moyo kinatoka kwenye simu. PlantVillage Nuru, programu iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya IITA na shirika la FAO, humwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo au la mahindi lililoshambuliwa na viwavijeshi, ikampa jibu hapohapo shambani. Inasema Kiswahili. Inafanya kazi bila mtandao, kwa kuwa mfumo wote umehifadhiwa ndani ya simu. Waliouandika walianza na mkulima wa Kenya na Tanzania, wakajua kwamba bando huisha na kwamba mnara huwa mbali, ndipo wakaandika vipengele.

Na mwaka 2025 Meta ilifungua mlango uliokuwa umefungwa: waandishi wa programu wa nje wakaruhusiwa kutumia kile kinachoonwa na kamera za mbele za Quest 3, kwa idhini ya mvaaji. Kabla ya hapo miwani iliona, lakini programu ya mtu mwingine haikuruhusiwa kuona kupitia kwayo. Yaani leo kijana wa Kitengela anayejua kuandika programu anaweza, akipata miwani moja ya kujaribia, kuifunza itambue bakajani la nyanya, ukungu wa vitunguu au jeraha la kwato, iseme Kiswahili na Kimaa, ihifadhi kila kitu ndani, na irushe picha kwenye simu ili waliokaa pembeni waone na kubisha. Afisa wa kilimo au wa mifugo anayefundisha vijana Rombo angeitumia kivulini, asubuhi, dirisha likiwa wazi. Inahitaji picha za majani na kwato za hapa, zilizopigwa na watu wa hapa kwa ridhaa yao na kubaki mali yao, pamoja na sauti za wasemaji wa Kimaa wa Loitokitok. Kaunti ya Kajiado ina vyuo vya ufundi na ina maafisa wa nyanjani wanaopita mashambani humo na simu zenye kamera mikononi. Picha za kwanza zinaweza kuanza kukusanywa msimu ujao wa nyanya.